Kiti Kisichogusa Sakafu

Lukozi,
6 Machi 2023

Mwanangu Evelina,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana na nafsi yangu kwa siku kadhaa, natangaza rasmi kwako wewe uliye ng'ambo, na kwa yeyote atakayefungua bahasha hii kabla yako, kwamba karakana ya Tobia, Fundi Viti, Lukozi, imeacha kutumia uzi mweusi. Kuanzia Jumatatu tunashonea uzi wa kahawia. Hakukuwa na ghasia. Wateja wawili wamejulishwa. Wa tatu alikuwa amelala juu ya kochi lake mwenyewe akisubiri nilimalize, hatukumwamsha.

Baada ya hilo zito, sasa madogo. Barua yako imefika. Umepata kazi kiwandani, na kiwanda chenyewe ni cha viti! Umesoma uhandisi, umevuka bahari, umekula viazi vya Wajerumani miaka yote hiyo, ili uje ufanye kazi ninayoifanya mimi hapa mkabala na mashine ya kusaga. Sijacheka. Nimefurahi tu kwa sauti.

Mama yako mdogo Jenoveva aliwatangazia wanawake wa kanisani Jumapili hiyo hiyo. Habari ilipotoka kanisani ilikuwa viti vya mabasi. Ilipofika Jumatano ilikuwa viti vya ndege. Nimemwacha. Akifika kwenye kiti cha enzi nitamzuia.

Unauliza kwa nini sipigi simu kama watu wengine. Kundi la familia la WhatsApp lina watu hamsini na kitu, na simu yangu anaishika Jenoveva kuliko mimi. Barua husomwa na mtu mmoja kwa wakati, tena lazima aifungue kwanza, na akiifungua inaonekana.

Mdogo wako Alen yupo. Tangu amalize kidato cha sita ananisaidia karakanani, maana yake anasimama mlangoni akiangalia barabara. Ni mwembamba vile vile. Siku ya upepo nikimtuma sponji natamani nimtie jiwe mfukoni. Namlea kama nilivyowaahidi wazazi wenu, Mungu awarehemu, lakini kunenepa sikuahidi.

Huku tiwedi, kama tusemavyo kwa Kishambaa, wote wazima. Sasa niambie: hivyo viti ni vya gari gani? Sitaki kubishana na wanawake wa kanisani bila silaha.

Baba yako mdogo,
Tobia

*

Ujerumani,
2 Aprili 2023

Baba mdogo, shikamoo.

Nilicheka kwenye treni mpaka mzee mmoja akahama kiti. Pole kwa uzi mweusi. Ulitutumikia vizuri.

Gari lenyewe ni la minyororo, kama katapila, ila hili linakimbia. Linapita kwenye matope, mitaro na vilima ambavyo hata pikipiki za Lukozi zingefikiria mara mbili. Nyuma lina chumba cha watu sita, watatu upande huu, watatu upande ule, magoti kwa magoti. Mlango uko nyuma, unaangukia chini kama daraja.

Kiti chetu hakigusi sakafu. Kimetundikwa kwa mikanda kutoka kwenye paa na ukuta. Hata miguu haitakiwi kugusa sakafu, kuna kipande cha kukanyagia kilichoshikana na kiti chenyewe. Usiniulize kwa nini, ndivyo tulivyoagizwa. Sisi ni watu wa viti tu. Injini inatoka kwingine, minyororo kwingine, na gari zima sijaliona. Mimi ni mgeni, jengo lile siingizwi. Nimepewa boksi la mbao lenye ukubwa wa kile chumba cha nyuma. Humo ndimo ninamoshinda, nimepiga magoti kwenye boksi la mbao katika nchi yenye magari yote haya.

Nina ombi. Hapa wanabishana abiria ana uzito gani. Vitabu vyao vimejaa watu wao, kilo themanini, tisini, na mizigo juu. Nikasema kwetu watu hawako hivyo. Mkubwa wangu wa kazi akaniuliza kwa upole, "Wako vipi?" Najua wako vipi, lakini nawajua kwa macho. Naomba unipimie watu wazima kama ishirini, bila viatu. Usiandike majina, isipokuwa la Alen.

Na hili la kiti likae kwako.

Mwanao,
Evelina

*

Lukozi,
7 Mei 2023

Mwanangu Evelina,

Kazi imefanyika. Zahanati wana mizani, lakini muuguzi alisema ile ni ya wagonjwa, anayetaka kupimwa lazima kwanza aumwe. Nikaenda sokoni kwa Jafari dalali, kwenye mizani ya ndoano wanayopimia viazi. Ni ile ile ya wanunuzi, unaijua tabia yake.

Mtu hawezi kutundikwa kwenye ndoano kama gunia, kwa hiyo nilishona kiti cha mikanda ya Hiace iliyokufa. Anakaa, ananing'inia, namsoma, anashuka. Mvua ilikuwa imetulia, biashara imelala, na watu walijaa kuliko siku ya mnada. Mama mmoja akauliza, "Fundi, unatununua kilo shilingi ngapi?" Kassimu, mwenye Canter, alipoiona namba yake akasema, "Aa, mimi nipimwe kwa lumbesa, nikiota kilemba juu kama magunia yenu nafika tisini." Mzee Athumani alikataa katakata kuvua viatu. Alisema hawezi kuacha kitu chochote chini mbele ya Jafari tangu alipomuuzia karoti.

Wengi wamesoma kati ya hamsini na sitini, wengine chini kidogo. Karatasi nimeiambatanisha. Mama yako mdogo nimekatazwa kumwandika. Alen, arobaini na sita. Watu walipiga makofi, naye akainama kama amepewa kombe.

Sasa ushauri wa kitaalamu, bure. Sponji za siku hizi ni uongo mtupu. Waambie wajaze katani, inatoka hapo chini tu kwenye mashamba ya Mombo. Kochi la katani nililomtengenezea mchungaji aliyetangulia limemzika na linasubiri wa pili.

Na swali moja dogo. Maisha yangu yote nimetengeneza viti vya kukaa sakafuni, na sakafu haijawahi kumfanyia mtu ubaya. Hiyo ya kwenu ina nini, hata mguu usiiguse?

Baba yako mdogo,
Tobia

*

Ujerumani,
18 Juni 2023

Baba mdogo, shikamoo.

Asante, na mfikishie Mzee Athumani heshima zangu na za viatu vyake. Habari ya katani nimewaeleza. Walinyamaza kwa adabu.

Ile karatasi yako nimeibandika ukutani, na imeleta kelele. Ngoja nikueleze, maana hapa sina wa kumweleza kwa lugha ninayoiota.

Gari hili limepewa uzito wake wa mwisho, halitakiwi kuzidi hata kidogo, vinginevyo halipakiwi kwenye treni na madaraja hayalibebi. Kwa hiyo kila kundi linapigania kilo kama ndugu kwenye mirathi. Watu wa ukuta wanataka chuma kinene zaidi. Watu wa injini wanasema chuma kikizidi gari halipandi mlima. Watu wa minyororo wanataka mpira badala ya chuma ili lisipige kelele. Na sisi wa viti tunakaa mwisho wa meza, tunagaiwa kilichobaki.

Chini ya kiti chetu kuna utepe wa chuma. Sakafu ikisukumwa juu kwa ghafla, utepe huo unakunjuka taratibu na kiti kinashuka nao, kwa hiyo nguvu inaishia kwenye chuma kabla haijafika mgongoni. Ni kitu kizuri, Baba mdogo, ukikiona kinavyofanya kazi kwenye mnara wetu wa majaribio utakipenda. Lakini utepe umepimwa kwa mtu wa kilo themanini na zaidi. Mtu mwepesi, uzito wake hautoshi kuukunjua. Unakataa, na mgongo wake ndio unaokunjwa. Yaani kiti kile kile kinamwokoa mnene na kumvunja mwembamba.

Nimeomba iwekwe swichi ndogo ya kulegeza utepe, mtu akikaa aiweke kwenye uzito wake. Inaongeza karibu kilo mbili kwa kila kiti. Wameniuliza hizo kilo zitatoka wapi, na hao watu wepesi ni wangapi duniani. Mchoro unafungwa Desemba. Ukishafungwa haufunguliwi tena, magari yatatoka hivyo hivyo na kutumika miaka thelathini.

Nina mpaka Desemba.

Mwanao,
Evelina

*

Lukozi,
9 Agosti 2023

Mwanangu Evelina,

Pokea taarifa ya majaribio yaliyofanyika huku bila mnara.

Nilivutiwa na kiti chako. Nikasema kama Wajerumani wanakaa wakining'inia, kwa nini wanawake wanaopeleka karoti Lushoto waendelee kukalia magunia? Nikashona viti vinne vya mikanda, nikavitundika kwenye mabomba ya bodi ya Canter ya Kassimu. Rukia na Mwanahawa wakapanda, na wenzao wawili, wakapigiwa vigelegele.

Kona ya kwanza wote wakaenda kulia. Kona ya pili wote wakaenda kushoto, isipokuwa Mwanahawa aliyekuwa bado anamalizia kulia. Walikutana katikati. Kona zetu unazifahamu, haziishi, ndiyo kwanza zinabadilishana zamu. Kufika karibu na Lushoto, Rukia alikuwa ameshatapika kabichi la mtu mwingine. Alinirudishia mkanda wangu mkononi: "Fundi Tobia, nimelipa nauli ya kwenda sokoni. Sikulipia kubembelezwa nilale."

Viti nimevirudisha, nimevitundika karakanani, na jioni nakaa kimoja nafikiri. Kwenye kona hakifai. Kwenye breki hakifai. Mvua, vumbi, mzigo, hakifai. Fundi hatengenezi kitu kisichofaa popote, kwa hiyo lazima pawe na mahali kinapofaa. Na ni mahali pamoja tu: pale ambapo ubaya unatoka chini.

Mimi nimemjua mtu mmoja tu aliyepigwa na kitu kutoka chini. Ni baba yako. Lori lao lilikanyaga kitu Kagera, mwaka wa sabini na tisa, yeye kakaa kwenye benchi la mbao nyuma, miguu sakafuni. Hakutoka damu hata tone. Alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani, na akikaa popote anainuka analia. Hapo ndipo nilipojifunza viti, wewe hujazaliwa. Nilimtundikia kiti jikoni kwenye boriti, kwa mipira ya tyubu, asiguse kitu kigumu. Boriti ilikatika mara mbili. Mara ya pili alinitazama kutoka chini akasema, "Tobia, adui aliniangusha mara moja tu."

Ulikikuta kile kiti. Ulikuwa unabembea juu yake, unafukuzwa.

Kwa hiyo nakuuliza, na sitarudia. Chini ya gari lako nimeshapaelewa. Juu yake kuna nini?

Baba yako mdogo,
Tobia

*

Ujerumani,
3 Septemba 2023

Baba mdogo, shikamoo.

Juu yake kuna mzinga.

Ni mwembamba, mrefu, unapiga risasi nene kama mchi mdogo, nyingi kwa mfululizo. Hakuna anayekaa ndani yake. Mpigaji yuko chini, kwenye tumbo la gari, anaangalia kioo. Si kifaru. Kifaru kinapigana chenyewe. Hili linabeba askari wa miguu mpaka karibu na adui, linawafyatulia njia, linaangusha mlango wa nyuma, nao wanatoka mbio. Wale sita niliokuambia, magoti kwa magoti, ndio hao. Na kinachotoka chini ni bomu la kutegwa ardhini.

Sikukudanganya neno hata moja, ila nilichagua maneno. Nilijua ukisikia tu utamwona baba, na mimi pia nilimwona. Siku ya kwanza waliponifungulia lile boksi la mbao na kunionyesha kiti kimetundikwa, nilisema nina mafua, nikaenda chooni nikakaa huko mpaka mtu akaja kugonga. Walidhani naogopa kazi. Nilikuwa nalitafuta jina la kile kiti chetu cha jikoni na sikulipata.

Huwa najiambia mimi natengeneza kiti tu. Sishiki mzinga, sishiki ramani. Halafu nikiwa narudi kwenye treni nawaza kwamba gari hili bila viti lisingekwenda vitani, askari wangebaki kambini wanacheza karata. Kwa hiyo na mimi nimo. Wenzangu hawaonekani kusumbuka. Labda wanasumbuka kwenye treni zao.

Kuhusu Desemba bado tunavutana. Wa mzinga wanataka risasi zaidi, kila kilo ninayoomba wanaihesabu kama nimewaibia. Nataka kuendelea. Lakini wewe ndiye uliyembeba baba mgongoni kwenda msalani. Ukisema niache, nitaacha hata kesho, na sitakuuliza sababu.

Alen ana nini? Nimemwandikia mara tatu, hajibu hata ujumbe wa simu.

Mwanao,
Evelina

*

Lukozi,
30 Oktoba 2023

Mwanangu Evelina,

Alen hajibu kwa sababu amechukuliwa simu. Yuko kambini. Ameingia jeshini tangu Julai.

Sasa unajua. Mwezi wa nane nilikaa hapa nikakuuliza kwa ukali juu ya gari lako kuna nini, na humu ndani kwangu kitanda cha Alen kilikuwa kimetandikwa hakilaliwi. Kwa hiyo usijione wewe peke yako ndiye mchagua maneno. Tumetoka ukoo mmoja.

Aliondoka asubuhi ya ukungu, begi mgongoni, unaliona begi tu linakwenda barabarani. Nilimwambia kila kitu, baba yake, kiti, boriti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba mdogo, nimesimama mlangoni kwako mwaka mzima. Hilo nalo si jeraha?" Nikamshikia begi akafunga kamba za viatu. Akaniomba nisikuambie: "Dada atapanda ndege." Jenoveva amewaambia kanisani kwamba yuko kozi. Kwa mara ya kwanza hakuongeza chumvi, nikajua amehuzunika.

Barua yako ilipofika nilikaa kukujibu kwamba acha. Niliandika kabisa, ukurasa mmoja na nusu, maneno mazito, na ungejivunia. Nikatoka nje kununua stempu. Njiani nikamwona kwa mawazo kijana wa kilo arobaini na sita amekaa juu ya utepe uliopimwa kwa mtu wa tisini. Sisemi ni Alen. Gari lenu hilo huenda lisifike huku kwetu kamwe, na Mungu aliweke mbali. Lakini popote litakapokwenda, atakayekalia kiti cha nyuma hatakuwa yule aliyeianzisha vita. Atakuwa mtu aliyechoka kusimama mlangoni.

Nimerudi nimeichana ile barua.

Kama ungekuwa unashika mzinga ningekuambia rudi leo. Unashika kiti. Kaa hapo hapo mpaka wakubali ile swichi yako. Piga kelele, lia, jifanye mjinga, mfundishe mkubwa wako Kishambaa. Wakishakubali, ndipo tutazungumza juu ya kuacha.

Baba yako mdogo,
Tobia

*

Ujerumani,
17 Desemba 2023

Baba mdogo, shikamoo.

Nililia kwanza, kwa ajili ya Alen, siku mbili. Kisha nikaenda kazini.

Wamekubali!

Ilikuwa Alhamisi, kikao cha mwisho. Meza ndefu, watu wa makundi yote, na mwakilishi wa wanunuzi ambaye hasemi, anazungusha tu kalamu. Wakasema tena watu wepesi ni wachache mno, hakuna takwimu. Nikaiweka ile karatasi yako mezani, yenye doa la chai na mwandiko wako. Nikasema hawa ni watu wazima wa kijiji kimoja, siku moja, bila viatu isipokuwa mmoja. Nikaweka kidole kwenye namba ya Alen. Nikasema, huyu hapa sasa hivi ni askari wa miguu. Ni kilo arobaini na sita. Ni mdogo wangu. Mnataka nimwambie asubiri gari la kizazi kijacho?

Mwenye kalamu akaiweka chini. Akauliza swichi ina uzito gani.

Ikabaki kutafuta kilo za kutoa. Wa mzinga wakakataa, wa ukuta wakakataa, wa injini hata hawakujibu. Mwishowe wakatazama chumba cha nyuma, na cha kutoa kilikuwa kimoja: birika. Ndiyo, gari hili lilikuwa na birika la umeme la kuchemshia maji pamoja na tangi lake, ili askari wapate chai na chakula cha moto bila kutoka nje. Wamelitoa. Waliokuwa jeshini zamani walisikitika kweli kweli, mmoja alisema afadhali wangepunguza risasi. Lakini uzito ulilingana sawasawa.

Swichi ina alama tatu. Ya chini kabisa, arobaini na sita, ni ya Alen. Nilitaka pawe na moja ya katikati, kwenye hamsini na kitu, wakasema haiwezekani, nichague. Nikachagua ya chini. Inayofuata inaanzia sitini na tano, na aliye katikati ya hizo, wa chini utamwishia mapema agonge sakafu, wa juu utamkatalia.

Wametengeneza na sanamu mpya ya mtu wa majaribio, wa uzito huo huo, wanamfunga kwenye kiti na kumwangusha. Mgongo wake umetoka mzima. Mafundi wamemwandika kifuani kwa rangi: LUKOZI. Na baada ya haya yote, jana walinipa kibali, nikaliona gari zima. Lilitoka kwenye banda taratibu, theluji inaanguka juu yake. Ni zuri, Baba mdogo. Nilitamani lisingekuwa zuri.

Nimepeleka barua ya kuacha kazi. Nitamaliza Machi, kisha narudi nyumbani. Sijui nitafanya nini huko, labda nitasimama mlangoni kwako. Lakini nimefanya hili moja. Kwa miaka thelathini, kwenye kitabu chao, kuna mtu wa kwetu.

Mwanao,
Evelina

*

Lukozi,
20 Januari 2024

Mwanangu Evelina,

Barua yako niliwasomea kwa sauti Jenoveva na Alen, jambo ambalo sijawahi kufanya. Alen alikuwa amekuja likizo. Amejaa kidogo mashavu, anaamka kabla ya jogoo, na amepangiwa stoo ya kambi, anagawa mablanketi. Gari hajapanda, zaidi ya lile la kuleta mkaa.

Nilipofika kwenye namba yake na kile kidole chako alitoka nje. Alikaa kwenye kiti cha mkanda, kile cha Rukia, akajibembea muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasingizia moshi. Nikamwambia kwa ajili yake jeshi zima la watu limenyang'anywa birika. Akafikiri. "Bora mgongo," akasema. Halafu akatazama ndani ya kikombe chake, "Lakini chai, Baba mdogo!"

Kwamba unarudi, nimemwambia Jenoveva asimwambie mtu, kwa hiyo wanawake wa kanisani wameshapanga zamu za kupika. Ile nafasi ya mlangoni ipo wazi. Nimekuandalia na stuli, imeshonwa kwa uzi wa kahawia. Inagusa sakafu.

Baba yako amelala vizuri, nilipita kaburini kumwambia. Sikumwambia habari ya mzinga. Nilimwambia ya swichi.

Njoo salama.

Baba yako mdogo,
Tobia

N.B. Habari za soko: juzi walikuja watu wa vipimo na mawe yao ya chuma, wameondoka na mizani ya Jafari. Hakuna aliyeshangaa, kila mkulima hapa alikuwa anaijua na akiuza viazi anajumlisha mwenyewe kichwani, nami nilidhani na wewe ulijumlisha kwenye ile karatasi ya watu wetu. Ilikuwa inapunguza kilo sita.